Visanduku vya Ndege wa Buluu: Kipi Kinafaa Msimu wa Baridi?

Malalamiko ya wasomaji wanaoishi Virginia na Ohio, Marekani, yanafanana: wamenunua kisanduku kizuri cha kiota, wakakiweka uani, na ndege wa buluu wa mashariki (Sialia sialis) wasiohamia kusini wakalala humo usiku mmoja au miwili ya baridi kali, kisha wakakitelekeza. Upana wa tundu la kuingilia siujadili, kwa kuwa inchi moja na nusu, kipimo kinachomzuia kwezi wa Ulaya asinyang'anye kiota, sasa inajulikana na kila muuzaji.

Kasoro isiyotazamwa ni mianya ya hewa iliyo chini ya paa. Mianya hiyo huwekwa ili makinda yasife kwa joto la Julai. Lakini Januari, ndege kadhaa wanapobanana sakafuni vichwa vikielekeana, joto lao hupanda na kutokea huko huko juu, huku upepo ukiingia. Kabla ya kulipa, fungua mlango wa kusafishia, kielekeze kisanduku kwenye mwanga, uchungulie: ukiona mstari mweupe chini ya paa, hakikisha unazibika kwa sponji ya kuzibia madirisha. Matundu ya sakafuni yaachwe wazi, maana ndiyo yanayotoa maji.

Cha kwanza kwangu ni kisanduku cha mwerezi cha kampuni ya Woodlink, na sifichi upendeleo wangu: mbao hazikupakwa rangi, na hukaa nje miaka mingi. Cha pili ni cha muundo wa Peterson wenye uso ulioinama, ambacho huhifadhi joto vizuri kwa kuwa ndani ni padogo, ingawa ni kizito mno kwa mlingoti mwembamba. Cha Gilbertson, cha bomba la plastiki, hakivutii sana shomoro, ambao nao hunyang'anya viota, lakini ukuta wake mwembamba si wa baridi kali. Vile vya bei ya chini vyenye kijiti mlangoni huwanufaisha shomoro tu.

Linalokera ni wauzaji wanaobandika maneno “maalumu kwa baridi” kwenye kisanduku kile kile, wakatia kipande cha sponji na kupandisha bei, ilhali sponji hiyo hupatikana kwa dola chache katika duka lolote la vifaa vya ujenzi. Mnunuzi hata haambiwi kwamba lazima aiondoe kabla ya ndege kuanza kutaga.