Kijiwe cha kahawa Isevya, Tabora: kinamfaa anayeacha pombe?

Tumekipima kijiwe hiki kwa jambo moja: washkaji wa zamani wakimleta hapa mwenzao anayeacha pombe, jioni zake zitapita salama? Kwa kiasi kikubwa, ndiyo.

Ila msimlete siku za mwanzo. Mnywaji wa kila siku akikata ghafla, jasho na kutetemeka huanza ndani ya saa 6 hadi 24. Kifafa kinaweza kumpata ndani ya saa 48, na kuweweseka kati ya siku ya 2 na ya 4. Hapo ni hospitali, kwenye dawa za kutuliza na vitamini B1. Kahawa haisaidii, na kumzimua kienyeji kwa pombe kidogo ni kumrudisha kule kule.

Akishatulia, saa za kijiwe zinamfaa. Panachangamka magharibi, wakati ule ule kiu inapoamka. Jikoni kuna birika mbili, ya kahawa chungu na ya chai ya tangawizi. Baada ya kikombe cha pili mhamishieni kwenye tangawizi, maana kahawa nyingi usiku huchezesha mikono na kufukuza usingizi, na asiyelala ndiye anayeamka kutafuta glasi. Kashata ni nzuri. Anayeacha pombe hutamani sana sukari.

Drafti ndiyo inayowaweka watu, ila kete zake ni vizibo vya bia! Nendeni na vya soda.

Kasoro kubwa ni benchi la nje: linatazamana na wauza wanzuki, ile pombe ya asali, na hapa mjini hakosekani wa kusema "hii ni asali tu, kaka". Aliyeandikiwa disulfiram, dawa inayoufanya mwili uikatae pombe, akionja hata kidogo, uso unamwiva, moyo unamwenda mbio, anatapika. Hatari hiyo inaweza kubaki hadi wiki 2 baada ya kidonge cha mwisho. Akae benchi la ndani, mgongo barabarani.

Msimwambie "tukutane kijiweni". Mmoja ampitie nyumbani, kwa sababu njiani kuna grosari. Mmoja alipie wote, yeye asishike chenji. Aliyekwisha kunywa siku hiyo asije kabisa, hata kama ndiye rafiki mkubwa.

Birika huteremshwa saa 3 usiku, mapema mno kwa kazi hii. Msindikizeni hadi kwake, mle naye ugali, ndipo mtawanyike. Tunatoa nyota 4 kati ya 5. Ya tano imebaki kwenye lile benchi la nje.