Vidonge vya lishe kabla ya mimba: pakiti inaahidi hadi wajukuu, kidonge kinafika wapi?

Pakiti za vidonge vya wanaojiandaa kupata mtoto siku hizi zinajinadi kwamba zinalinda "kizazi kijacho". Hapa tunapima aina ya kawaida, ile yenye vitamini na madini kama kumi na tano katika kidonge kimoja cha kila siku.

Tuanze na kinachostahili sifa: asidi foliki, mikrogramu 400. Mfereji unaotengeneza ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga kufikia siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa. Usipofunga, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, au fuvu na ubongo visiundwe sawasawa. Siku ya 28 ni kama wiki mbili tu baada ya mwanamke kukosa hedhi, kwa hiyo anayesubiri kipimo kionyeshe ndipo anunue pakiti amebakiwa na siku za kuhesabu. Vianze kumezwa angalau mwezi mmoja kabla ya kutafuta mimba, viendelee hadi wiki ya 12. Lebo nyingi huandika "wakati wa ujauzito" kwa herufi kubwa na hili la mwezi mmoja kabla hulitupa nyuma kwa herufi za kutafutia miwani. Hilo ni kosa la pakiti, si la kidonge.

Aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi anahitaji dozi kama mara kumi zaidi, miligramu 4 hadi 5, kwa kuandikiwa na daktari. Utafiti uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba miligramu 4 zilipunguza tatizo hilo kujirudia kwa takriban asilimia 72. Dozi hiyo huja katika kidonge chake cha asidi foliki pekee. Anayeitafuta kwa kumeza vidonge kumi vya mchanganyiko anajitia hatarini: kama kila kimoja kina mikrogramu 800 za retino (aina ya vitamini A), amemeza 8,000, na kikomo kwa mjamzito ni 3,000 kwa siku. Retino ikizidi huharibu uumbaji wa mtoto. Ukiwa na uchaguzi, chukua pakiti ambayo vitamini A yake ni beta karotini. Hiyo haina hatari hiyo.

Madini ya chuma ndiyo yanayowachanganya wanunuzi. Namba kubwa kwenye lebo inaweza kuwa uzito wa chumvi nzima, yaani chuma pamoja na kemikali kilichoungana nayo, si wa chuma chenyewe. Miligramu 300 za feri salfeti, 180 za feri fumareti na 500 za feri glukoneti zote hutoa chuma kilekile, miligramu 60. Shirika la Afya Duniani linapendekeza 30 hadi 60 kwa siku kwa mjamzito. Chai, kahawa na vidonge vya kalsiamu vikimezwa pamoja nacho hukizuia kufyonzwa. Viachane kwa saa mbili hivi. Kikileta kichefuchefu, kimeze usiku pamoja na chakula. Choo kuwa cheusi si ugonjwa.

Upungufu mkubwa ni kolini, kirutubisho kinachofanana na vitamini. Mjamzito anahitaji miligramu 450 kwa siku, lakini kwa kuwa kolini huchukua nafasi kubwa kwenye kidonge, vidonge vingi huwa na kidogo au havina kabisa. Pengo hilo lizibwe mezani. Yai kubwa moja lina kama 147.

Sasa hao wajukuu. Watu ambao mimba zao zilitungwa wakati wa njaa ya Uholanzi ya 1944–45 walipimwa miongo sita baadaye, wakakutwa na upungufu wa alama za kikemikali ziitwazo methili kwenye IGF2, jeni inayohusika na ukuaji. Alama hizo ni kama swichi: hazibadili jeni, hubadili jinsi inavyofanya kazi. Foliki, B12 na kolini ni miongoni mwa malighafi zake, na mwaka 2003 panya waliopewa mchanganyiko wa namna hiyo wakiwa na mimba walizaa watoto wenye rangi tofauti ya manyoya. Tena mayai ya binti huundwa akiwa bado tumboni, hivyo mjamzito wa mtoto wa kike amebeba pia nusu ya mbegu ya mjukuu. Lakini kwa binadamu ushahidi huo ni wa njaa na shibe, si wa vidonge. Neno "wajukuu" kwenye pakiti ni la biashara.

Pakiti ya baba, yenye foliki na zinki? Iache dukani. Jaribio la Marekani lililochapishwa 2020 liliwapa wanaume miligramu 5 za foliki na 30 za zinki kwa miezi sita: mbegu hazikuboreka, watoto hai hawakuongezeka, matumbo ndiyo yaliyosumbua zaidi. Mbegu huchukua takriban miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo kuacha sigara mapema kuna maana kuliko kopo hilo.

Kabla ya kulipa, jaribu kifuniko. Kisichohitaji kubanwa ndipo kizunguke, kirudishe: chuma kikizidi humuua mtoto mdogo, na vidonge vingi vina ganda tamu la rangi.