EX-word ya daraja la 9800: kamusi ya kielektroniki kwa aliyefika Kijapani cha juu

Kamusi za kielektroniki zinazouzwa katika maduka makubwa ya Tokyo, kama vile Yodobashi Camera ya Akihabara, hazikutengenezwa kwa ajili ya mgeni anayejifunza Kijapani. Walengwa wake ni Wajapani wenyewe: mwanafunzi wa sekondari anayejiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo kikuu, daktari, mfanyakazi wa ofisini anayehangaika na Kiingereza, na mstaafu anayependa haiku. Kwa hiyo mtu aliyekwisha kupita kiwango cha N2 cha mtihani wa Kijapani kwa wageni (JLPT) na sasa anakabili N1, kilicho cha juu kabisa, au anayesoma shahada ya uzamili kwa ufadhili wa serikali ya Japani na kutakiwa kusoma makala za kitaaluma kila juma, ananunua nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Bahati njema ni kwamba akifika kiwango hicho nguo hiyo humkaa vizuri, ili mradi ajue kusoma orodha ya kamusi zilizomo ndani ya kifaa kabla ya kutazama bei yake na rangi ya kasha lake.

Uwanja wenyewe umebaki na watengenezaji wawili tu wanaofahamika, yaani Casio na safu yake ya EX-word, na Sharp na safu yake ya Brain. Wordtank za Canon, ambazo wageni wengi walizipenda kwa sababu menyu zake ziliweza kubadilishwa kuwa za Kiingereza, hazitengenezwi tena, na Seiko Instruments nayo ilijitoa katika biashara hii mwaka 2015. Mwaka 2025 Casio pia iliarifu kwamba imesitisha kubuni modeli mpya huku ikiendelea kuuza zilizopo. Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba hakuna haja ya kusubiri toleo la mwakani, na kwamba soko la vifaa vilivyotumika linastahili kuangaliwa kwa makini sawasawa na rafu za vifaa vipya.

Jina la modeli za Casio huishia na tarakimu zinazotaja daraja la mtumiaji. Modeli zinazoishia na 4800 ni za wanafunzi wa sekondari ya juu, na hizo ndizo zinazojaa madukani kila mwezi wa nne unapokaribia, mwaka wa masomo unapoanza. Zinazoishia na 9800 ni za watu wanaokitumia Kiingereza kwa kazi nzito. Wauzaji wengi humwelekeza mgeni kwenye 4800 kwa sababu ni nafuu na ina mambo mengi, na kweli si kifaa kibaya: ina Kōjien na Meikyō, ambazo ni kamusi za Kijapani kwa Kijapani, ina kamusi ya lugha ya kale na kamusi ya kanji, yaani herufi zenye asili ya Kichina. Lakini sehemu kubwa ya mambo hayo mengi ni mazoezi ya Kiingereza na muhtasari wa masomo ya shule, vitu ambavyo msomaji wetu hatavigusa hata mara moja.

Kinachoipandisha 9800 ni kamusi moja kubwa ya Kijapani na Kiingereza, nayo ni Shin Waei Daijiten ya Kenkyūsha, chapa ya tano ya mwaka 2003, yenye vidahizo na mifano ipatayo 480,000 kwa jumla. Msemaji wa Kiswahili anaweza kuuliza kwa nini alipie zaidi kwa ajili ya Kiingereza. Jibu ni kwamba katika vifaa hivi hakuna kamusi ya Kijapani na Kiswahili. Ile kamusi nzuri ya Wazaki Yōichi ya mwaka 1980 ni ya karatasi, na tena inatoka Kiswahili kwenda Kijapani. Kwa hiyo tunapita njia ya Kiingereza tupende tusipende, na ikiwa lazima tupite huko, afadhali tupite katika kamusi inayotoa sentensi nzima nzima za mifano, ikionyesha neno linavyokaa na majirani zake, kuliko kamusi ya shule inayotoa visawe viwili na kunyamaza.

Hata hivyo, katika kiwango cha juu kazi kubwa zaidi hufanywa na kamusi wahidiya, yaani zinazoeleza Kijapani kwa Kijapani, na hapa mpangilio wa maana ni jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Kōjien, iliyotolewa kwa mara ya kwanza na Iwanami mwaka 1955 na kufikia chapa ya saba mwaka 2018 ikiwa na vidahizo vipatavyo 250,000, huanza na maana ya zamani zaidi na kushuka hadi ya leo. Ukitafuta kivumishi *arigatai*, ambacho kila mtu anakijua kwa maana ya kushukuru, utakutana kwanza na maana ya kitu kilicho adimu, ambacho hakipatikani kwa urahisi. Kwa mwanafunzi wa historia au fasihi hilo ni tunu; kwa mtu anayetaka kuandika barua pepe kwa profesa wake ni mtego. Daijirin ya Sanseidō hutanguliza maana ya kisasa, na Meikyō hueleza vizuri zaidi matumizi, hasa vitenzi vyenye maana nyingi na vihusishi vinavyoandamana navyo. Ushauri wangu ni kwamba kifaa kiwe na angalau mbili kati ya kamusi hizo tatu, na Kōjien isiwe peke yake kamwe.

Ubora wa kifaa huonekana zaidi neno linapokuja kwa sura usiyoitarajia. Chukua 忖度, neno lililovuma mno katika siasa za Japani mwaka 2017. Herufi ya kwanza haimo katika orodha ya serikali ya kanji 2,136 za matumizi ya kawaida. Ya pili kila mwanafunzi anaijua, lakini kwa matamshi ya *do*, na humu inasomwa *taku*. Ukichapa unavyokisia hupati kitu. Katika EX-word unatoa kalamu ubavuni, unaandika herufi zote mbili ndani ya visanduku vya skrini, na kifaa hukuletea *sontaku*. Unafungua Kōjien, unasoma kwamba ni kukisia yaliyo moyoni mwa mwingine, kisha unaona kisawe 推察 ambacho hakina kana, yaani herufi za sauti, za kukusaidia kukisoma, kwa kuwa mwandishi wa kamusi alimfikiria Mjapani mtu mzima. Unakigusa kwa kalamu, kifaa kinaruka hadi kwenye *suisatsu*, unaisoma, unabonyeza kitufe cha kurudi na uko pale ulipokuwa. Safari yote hiyo inachukua muda mfupi kuliko kufungua simu na kukwepa ujumbe uliokuwa ukikusubiri.

Utafutaji wa kanji nao ni mzuri. Kamusi ya Shin Kangorin ina herufi zaidi ya 14,000, na mwandiko mbovu kiasi unavumiliwa, ingawa herufi kama 鬱, yenye mistari 29, ni shida kuibana ndani ya kisanduku. Kwa herufi za namna hiyo kuna njia ya kuchapa matamshi ya sehemu zake: andika *kuchi* na *tori*, yaani kinywa na ndege, nawe utaletewa 鳴. Wanaojua kanji nyingi huizoea njia hii haraka na kuiacha kalamu mahali pake.

Jambo jingine ambalo sisi tuna sababu ya pekee ya kulijali ni kiimbo. Kiswahili kimetuzoesha kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno yanayotofautishwa kwa mkazo, kama *barabara* ya magari na *barabara* ya sawasawa, yanahesabika. Kijapani kinatenganisha maneno mengi kwa kupanda na kushuka kwa sauti: *hashi* ni vijiti vya kulia, daraja au ukingo kutegemea mahali sauti inaposhuka. Tukiachwa peke yetu, zote tatu tunazitamka kama vijiti. Daijirin huonyesha kiimbo kwa namba, na baadhi ya modeli za EX-word zina kamusi ya matamshi na kiimbo ya NHK, shirika la utangazaji la Japani, pamoja na sauti. Kama ni lazima uchague kati ya hiyo na kamusi ya tatu ya Kiingereza, usisite.

Kuhusu Brain ya Sharp sina mengi. Skrini inayogeuka mpaka nyuma ni raha kwa anayesoma ndani ya treni amesimama, na kioo chake kinapendeza. Nyingi za miaka ya karibuni hutumia betri ya ndani ya kuchaji, jambo ambalo kwa kifaa kilichokaa miaka kadhaa ni udhaifu. EX-word nyingi hutumia betri mbili ndogo za kawaida zinazopatikana kila duka, iwe Kyoto au Kariakoo.

Mpinzani wa kweli ni simu. Programu ya kampuni ya Monokakido, kwa wenye iPhone na kompyuta za Apple, huuza kamusi moja moja, zikiwemo Daijirin, ile ya kiimbo ya NHK na hata ile kamusi kubwa ya Kijapani, Nihon Kokugo Daijiten, iliyofupishwa, na zote hutafutwa kwa pamoja. Tovuti ya Kotobank hutoa bure Daijisen ya kidijitali, kamusi nyingine ya Kijapani kwa Kijapani. Kwa upande wa Kijapani na Kiingereza, programu nyingi za bure husimama juu ya JMdict, hazina ya maneno ya kidijitali, kazi iliyoanzishwa na Jim Breen mwaka 1991, ambayo ni pana mno lakini haina kina cha mifano kama Kenkyūsha. Mwenye iPhone na nidhamu ya kuzima arifa anaweza kuishi bila EX-word. Mwenye Android hana uchaguzi mpana kiasi hicho, na anayekaa kwenye semina ambako simu juu ya meza hutazamwa kwa jicho baya atakishukuru kifaa kisichofanya lolote ila kamusi.

Kwa bei, mpya ya daraja la 9800 inagharimu makumi ya maelfu ya yeni, na ndiyo maana ninapendekeza iliyotumika, katika maduka kama Hard Off au kwa wauzaji wa mtandaoni. Modeli yenye umri wa miaka kadhaa ina Shin Waei Daijiten ileile ya chapa ya tano. Kitakachokosekana huenda ni Kōjien ya chapa ya saba, na tofauti yake na ya sita si ya kumnyima mtu usingizi. Kabla ya kulipa, fungua na kufunga kifuniko mara kadhaa ukisikiliza bawaba, andika kanji kwenye pembe zote nne za skrini uone kama mguso unafuata kalamu, kagua chumba cha betri kama kina kutu, na hakikisha kalamu ya asili imo ndani ya tundu lake.