Kibandiko cha nikotini cha saa 24: kilinitoa kwenye sigara, lakini ngazi ya mwisho usiiruke

Mimi ni fundi cherehani. Nilivuta sigara miaka 22, pakiti moja kwa siku, na ya kwanza niliiwasha kabla sijanawa uso. Nayataja haya mapema ili anayesoma ajipime, maana kipimo kilichonifaa mimi kitamzidi mtu wa sigara tano.

Nilitumia kibandiko cha saa 24, kinachobandikwa mwilini na kupitisha nikotini kwenye ngozi, kile cha ngazi tatu: miligramu 21, 14 na 7. Karatasi ya maelekezo ndani ya sanduku ilisema anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku aanze na 21 kwa wiki 6, ashuke 14 kwa wiki 2, amalize na 7 kwa wiki 2. Ukishakibandika asubuhi kwenye ngozi kavu isiyo na nywele, umemaliza kazi ya siku. Hakina ladha wala moshi, na hakuna anayekiona chini ya shati. Kinachelewa kupanda, kwa hiyo saa za kwanza za siku zilikuwa ngumu kidogo, lakini kikishashika unakaa sawa hadi usiku.

Sasa niseme kilichonifanya niandike. Nimekitumia mara mbili. Mara ya kwanza nilirudi kwenye sigara, na kosa halikuwa la kibandiko. Nilimaliza zile wiki 6 za miligramu 21 nikiwa mzima kabisa. Nikabandika 14 siku nne, nikajiona nimepona, nikaviweka vilivyobaki kwenye droo. Siku ya kwanza bila kibandiko ilipita vizuri, nikawaambia watu nyumbani kwamba yamekwisha.

Ile siku ya kwanza inadanganya. Nikotini yenyewe haikai sana kwenye damu, kila baada ya saa mbili hivi inapungua nusu, ila ngozi iliyokuwa chini ya kibandiko huwa imehifadhi kiasi na huendelea kukiachia kwa saa kadhaa hata baada ya kukibandua. Kwa hiyo arosto, yaani ile hali mbaya ya mwili kudai nikotini, haiji pale unapokibandua. Mimi ilinikuta asubuhi ya pili. Kichwa kizito, viganja vina jasho, uzi hauingii kwenye tundu la sindano. Nilimkaripia kijana ninayemfundisha kazi kwa sababu tu alinyoosha pasi ikatoa sauti. Siku ya tatu nilikata kitambaa cha mteja nikiwa nimesoma kipimo cha mkono mahali pa kipimo cha kifua. Nilimlipa kitambaa chake, lakini aibu ile ilinikaa. Siku ya tisa niliomba sigara moja kwa jirani, na kabla ya wiki kwisha nilikuwa nimerudi kwenye pakiti yangu.

Mara ya pili nilikwenda kwa mfamasia nikamweleza yote bila kuficha. Aliniambia kitu ambacho karatasi ile haikunieleza vizuri: sigara inauondoa mwili kwenye utulivu wake kwa miaka, vipokezi vya nikotini kwenye ubongo vinaongezeka, na vinahitaji wiki kadhaa kupungua tena. Ngazi ya 14 na ya 7 ndizo zinazovipa muda huo. Ukiruka, umejitupa kutoka ghorofani wakati ngazi zipo. Akaniongezea chingamu ya nikotini ya miligramu 2, ya kutumia pale tu kiu ya sigara inapozidi. Kibandiko na chingamu kwa pamoja humsaidia mtu kuliko kimoja peke yake, na kwangu ndivyo ilivyokuwa.

Safari hii nilizimaliza wiki zote 10. Nilipobandua cha mwisho cha miligramu 7, arosto ilikuja, siwezi kusema haikuja. Lakini ilikuwa ndogo, ya mtu mwenye mafua, si ile iliyoniangusha. Siku ya pili na ya tatu zilikuwa mbaya zaidi. Hasira zilikuwa karibu, usingizi ulikatika saa nane za usiku, na niliona njaa kila saa. Baada ya wiki moja niliweza kushona kola bila kusimama. Wiki ya tatu nikagundua kwamba nimefika jioni bila kufikiria sigara. Njaa ndiyo iliyochelewa kuondoka kuliko yote.

Nilichojifunza katika siku zile ni kwamba kiu haikai. Inapanda, inakaa dakika chache, inashuka, uvute usivute. Zamani sikujua hilo kwa sababu sikuwahi kuiacha ishuke yenyewe. Nikaanza kuwekea akiba vifungo. Kila kiu inapopanda nachukua nguo moja, nashona vifungo kwa mkono, taratibu. Kwa kawaida kabla sijafika kifungo cha nne imeshashuka. Mikono ndiyo iliyokuwa inadai kitu, nami niliipa kazi inayoijua. Mke wangu naye alinisaidia kwa jambo moja kubwa: hakuniuliza kila saa kama nimevuta. Aliniambia tu, "Baba, leo ukiwa na hasira sema una hasira, tutakuacha." Neno hilo liliniokoa jioni nyingi.

Kuhusu chingamu, usiitafune kama chingamu ya kawaida, utapata kichefuchefu na kwikwi. Itafune polepole hadi uhisi ukali, kisha ibane kati ya shavu na fizi itulie, ukali ukiisha unatafuna tena. Dakika 15 kabla yake usinywe kahawa wala soda, zinazuia nikotini kupenya mdomoni. Na tukitaja kahawa: moshi wa sigara huufanya mwili uondoe kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, vikombe vilevile vinakukaa mwilini muda mrefu zaidi. Nilidhani natetemeka kwa arosto kumbe nusu yake ilikuwa kahawa. Nilipopunguza, mikono ilitulia.

Kasoro za bidhaa ninazo pia. Gundi inaacha pembe zikiinuka ukitoa jasho, na mkono wangu wa kushonea unatembea siku nzima, kwa hiyo nilihamia kifuani na mgongoni juu. Ngozi inawasha na kubaki na alama nyekundu ya mraba. Badilisha mahali kila siku na usirudie palepale ndani ya wiki. Ukilala nacho, ndoto zinakuwa kali mno. Nilianza kukibandua kabla ya kulala na ndoto zikaisha, ingawa asubuhi nilingoja zaidi. Kilichotumika bado kina nikotini ya kumdhuru mtoto au paka, kwa hiyo kikunje gundi ikutane na gundi ukitupe wasipofika. Na karatasi ya maelekezo inaeleza kubandika kwa kurasa, kuacha kibandiko kwa mistari miwili. Hapo nawalaumu watengenezaji, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoanguka.

Wapo walioniambia nimebadilisha chombo tu, sumu ni ileile. Sikubaliani nao. Nikotini ndiyo inayokufunga, lakini kinachoharibu mapafu na moyo wa mvutaji kwa sehemu kubwa ni moshi, pamoja na lami na kaboni monoksaidi iliyomo. Shirika la Afya Duniani liliviingiza vibandiko na chingamu hizi kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Mwenye ujauzito au ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza. Na ikiwa baada ya kuacha huzuni imekushika wiki mbili na haipungui, hiyo si ya kuvumilia peke yako, nenda ukaonekane.

Kibandiko nakipa nyota nne kati ya tano. Ningekipa zote kama ngazi ya miligramu 7 ingeuzwa na maelezo inayostahili.

Leo ni siku ya 61 tangu nibandue cha mwisho. Chingamu naitafuna moja kwa siku, wakati wa alasiri, na nimebakiwa na sita.