Redio za dishi kuvuka Ghuba ya Menai: miezi minane nilizilaumu bure

Nianze na hukumu, maana najua wengi husoma mistari miwili ya mwanzo kisha wakaenda dukani: redio hizi za dishi, za kurushiana intaneti angani kutoka nyumba moja hadi nyingine, ni nzuri, nazipa nyota nne kati ya tano. Lakini mngeniuliza miezi mitatu baada ya kuzifunga, ningewaambia msitoe hata shilingi.

Chapa siitaji, kwa makusudi. Yaliyonikuta yangenikuta kwa redio ya kampuni yoyote, na sitaki mtu atoke hapa akitangaza kwamba chapa fulani ni mbovu.

Kwetu ni Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa cha Unguja, Zanzibar. Nina nyumba ndogo ya wageni, vyumba sita, uso kwa uso na bahari. Faiba haijafika mtaani petu, na intaneti ya simu tunayo, lakini wageni watatu wakifungua video jioni moja, basi tena. Shemeji yangu anakaa Fumba, ng'ambo ya ghuba, na kwake faiba imeingia mpaka sebuleni. Kutoka paa lake hadi mlingoti wangu, juu ya maji matupu, ni kilomita 9.3. Asubuhi anga likiwa safi, ukishika darubini unaliona tangi lake la maji. Hakuna mnazi, hakuna jengo, hakuna kilima. Nikasema, njia nyeupe kama hii utaipata wapi?

Nikanunua jozi ya redio za 5 GHz zenye dishi la wavu, antena ya dBi 24.5 kila moja (kipimo cha jinsi antena inavyokusanya mawimbi upande mmoja), umeme unapanda kwa waya uleule wa mtandao. Dishi la wavu nililichagua kwa ajili ya kusi, kwa sababu upepo unapita katikati badala ya kulisukuma. Kwangu nililifunga kwenye bomba, mita 16 juu ya alama ya maji makuu, pale bahari inapofika ikijaa kabisa. Kwa shemeji likakaa juu ya paa, mita 10. Kuelekeza kulitula nusu siku. Mimi niko juu ya ngazi na simu begani, shemeji naye yuko juu ya paa lake: "Kushoto kidogo. Kidogo, nimesema! Umepitiliza, rudi." Dishi la namna hii lina tabia ya kushika mawimbi kwa ubavu, ukadhani umepata kumbe bado, kwa hiyo usifunge nati mpaka umelizungusha pande zote ukaona namba inapanda, inashuka, inapanda tena.

Saa kumi alasiri tukapata -61 dBm (ndicho kipimo cha nguvu ya mawimbi, na namba ikikaribia sifuri ndivyo yalivyo na nguvu), na kipimo cha spidi redio kwa redio kikatoa Mbps 80. Kwenye karatasi nilikuwa nimepiga hesabu ikanipa -66. Nikafurahi kwamba nimepata zaidi ya hesabu. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, sikushtuka. Mawimbi hayatoi bakshishi. Ukipata desibeli 5 ambazo hukuzilipia, jua zimetoka mahali, na zilikotoka zinaweza kurudi.

Zilirudi usiku uleule. Saa nne, wageni wamo vitandani na simu zao, spidi ikaanguka hadi Mbps 6, ikapanda, ikaanguka, redio zikaachana, zikashikana tena. Asubuhi ilipoamka ilikuwa nzima. Saa nne asubuhi ikafa tena. Ikaendelea hivyo siku tatu nne, kisha ikapona yenyewe kwa wiki nzima, nikadhani yamekwisha. Halafu ikarudi. Ugonjwa wa kwenda na kurudi ndio unaochosha, maana kila dawa unayoipa, wiki ya kupona ikifika, unaisifu dawa.

Kwanza nikamlaumu shemeji kwamba anapakua mafilamu usiku. Tukanuniana kidogo. Kumbe ningepima kiungo chenyewe peke yake, redio kwa redio, bila kupitia faiba, nisingemlaumu bure. Nilipokuja kupima hivyo, faiba ilikuwa safi na tatizo liko baharini katikati.

Nikageukia waya. Nilipofungua plagi ya juu kwenye mlingoti, pini mbili zilikuwa zimeota ukijani, chumvi imeshaingia ndani ya miezi miwili tu. Nikakata, nikapiga plagi mpya, nikaweka waya wa nje wenye ganda la chuma na nikauzungushia utepe wa mpira. Ilikuwa kazi ya lazima na siijutii. Siku ile ikaangukia kwenye wiki nzuri. Nikamwambia kila mtu tatizo lilikuwa kutu.

Lilipofufuka, nikasema basi ni muingiliano, kuna mtu ana redio kwenye chaneli yangu. Nikahama kutoka 5785 MHz nikashuka hadi 5500. Na kweli! Mahali pa kuzama hadi -85, sasa ikawa inazama hadi -76 tu. Haikupona ila ilipata nafuu, na nafuu ile ilinipoteza kuliko yote, kwa sababu ilinithibitishia jambo ambalo silo. Nikatumia wiki mbili nikisaka jirani mwenye redio ambaye hakuwapo.

Mwishowe nikaita fundi kutoka mjini. Kijana mzuri, ana vifaa vyake, akatazama bahari, akatazama mlingoti, akasema kwa uhakika: "Kaka, umefunga chini. Tupandishe." Mantiki yake mtu huwezi kuikataa. Redio haihitaji tu mstari wa kuonana. Inahitaji nafasi pande zote za mstari ule, umbo kama la muhogo, nono katikati na jembamba kwenye ncha. Mafundi huliita eneo la Fresnel. Kwa kilomita zangu 9.3, unene wake katikati ya njia ni kama mita 11 kutoka kwenye mstari, na inatakiwa angalau asilimia 60 ya hizo ziwe wazi. Nchi kavu, ambako adui ni miembe na mabati, kupandisha ni dawa. Tukaongeza bomba la mita 3. Nikalipa.

Ikawa balaa. Zamani ilikuwa inazama mara moja asubuhi na mara moja usiku, tena kwa siku chache za mwezi. Baada ya kupandisha ikawa inazama mara nne kwa siku, na zile wiki za kupona zikaota mbawa. Fundi mwenyewe akashika kiuno. Nikamwambia arudishe ilivyokuwa. Nikalipa tena.

Aliyeugundua ugonjwa hajui dBm ni nini. Mama yangu mdogo analima mwani, na wakulima wa mwani ratiba yao ni bahari: huenda shamba siku za bamvua, maji yanapopwa sana hata vigingi vikabaki juu. Siku moja ananikuta ukumbini nimeshika kichwa, yeye kanga imelowa mpaka kiunoni.

"Mwanangu, huo mtandao wenu mnaulaza maji yakipwa?"

"Kwa nini, mama mdogo?"

"Kila nikirudi mwani nakukuta unagombana na simu. Maji mafu siendi shamba, na wewe hugombani na mtu."

Nilicheka. Halafu sikucheka.

Nikachukua daftari la skuli la mwanangu, nikarudi kwenye chaneli ya 5785 makusudi ili ugonjwa ujioneshe, na kwa siku 16 nikaandika namba ya mawimbi kila saa niliyokuwa macho. Pembeni nikaandika kimo cha maji kutoka kwenye jedwali la maji la bandari. Siku za bamvua kwetu maji hujaa mnamo saa kumi na kupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku, na tofauti ya kimo inakaribia mita 3.7. Daftari likasema hivi: bamvua, saa kumi alasiri, maji yamejaa, -61. Saa saba mchana, maji nusu, -64. Saa nne asubuhi, maji yamepwa kabisa, -85. Siku za maji mafu, ambapo bahari hupanda na kushuka kidogo tu, kutwa nzima kati ya -63 na -67. Na kesho yake bamvua, kuzama kunachelewa kama dakika 50, vilevile maji yanavyochelewa. Jirani gani mwenye redio anafuata mwezi?

Nilichokuja kuelewa ni hiki. Redio yangu inapokea mawimbi mawili, siyo moja. La kwanza linakuja moja kwa moja. La pili linadunda juu ya bahari, na bahari kwa mshazari mdogo namna ile ni kioo. Hili la pili limetembea zaidi kidogo, na lilipodunda limegeuka juu chini. Likichelewa nusu wimbi, linapatana na mwenzake na wanasaidiana: ndiyo ile bakshishi ya desibeli 5. Likichelewa wimbi zima, kilele cha huyu kinakutana na bonde la yule, wanauana. Kwenye 5785 MHz wimbi zima ni sentimita 5.2, upana wa vidole vitatu. Maji yakijaa, njia ya ziada ilikuwa sentimita 3. Bahari ikishuka mita 3.7, kioo kinakwenda chini, njia ya kudunda inarefuka, inafika sentimita 5 na ushee. Bahari inasogea mita nyingi kiasi hicho ili njia iongezeke sentimita mbili na ushee, na hizo zinatosha kukata mtandao wa nyumba nzima.

Kila kitu kikajieleza. Kuhama chaneli kulileta nafuu kwa sababu wimbi la 5500 ni refu kidogo, kwa hiyo maji yakipwa kabisa lilikuwa bado halijafika mahali pa kuuana barabara. Na kupandisha mlingoti kulizidi kurefusha njia ya kudunda, kukasogeza mahali pale pa kifo kutoka kwenye maji ya chini kabisa hadi katikati ya safari ya maji, pakawa panapitwa mara moja maji yakishuka na mara moja yakipanda. Mara nne kwa siku.

Basi dawa ilikuwa kushusha. Nilipiga hesabu mara tatu kwa kuogopa, kwa sababu ukishusha mno unaingia kwenye lile eneo la Fresnel, hasa maji yakijaa, na mgongo wa dunia wenyewe kwa umbali huu unakula mita 1.3 katikati. Kutoka mita 16 nikashusha hadi 12. Maji makuu yakiwa yamejaa, katikati ya njia zinabaki kama mita 9.7 wazi, na ninazozihitaji ni 6.6. Nafasi ipo.

Nilishusha mwenyewe, bila fundi, siku ya kwanza ya bamvua. Saa nne asubuhi nikakaa mbele ya skrini na chai ikapoa. Maji yamekwenda, wanawake wako mbali huko wameinama kwenye vigingi, mchanga unang'aa. Namba: -64. Saa kumi: -61. Spidi redio kwa redio haijashuka chini ya Mbps 75, na sasa ni mwezi wa tano tangu nishushe. Masika yamepita juu yake bila kuona tofauti ya kusema; kwa umbali huu, mvua si tatizo kubwa kwenye 5 GHz kama watu wanavyodhani.

Kuna walionishauri niinue uso wa dishi litazame juu kidogo, lisione bahari. Nimejaribu, ni kazi bure. Mawimbi yote mawili yanafika yakiwa yametengana chini ya nusu digrii, na dishi linaona digrii kadhaa kwa mpigo. Ukilinyima moja umelinyima na jingine. Njia nyingine zipo: kurudisha dishi nyuma ili ukingo wa paa au mikoko ikinge pale mawimbi yanapodundia, au kufunga dishi la pili kwa kimo tofauti ili moja likizama jingine liwe juu. Hii ya pili ndiyo ya uhakika, ila unalipa mara mbili.

Nyota niliyoinyima? Pete ya chuma inayobana dishi kwenye bomba. Miezi sita ikawa nyekundu yote kwa kutu, nikaikata kwa msumeno nikaweka ya chuma kisichoshika kutu, bei ya soda mbili. Na tundu la waya mwisho wake Mbps 100, ambalo kwangu linatosha, ila ukiwa na hoteli kubwa litakubana.

Juzi fundi yule kanipigia. Amepata mteja upande wa Uzi, kiungo cha kilomita 6, spidi haitulii, na mteja anataka mlingoti upandishwe. "Kaka, nipandishe au nishushe?" Nikamuuliza, katikati ya njia kuna nini, minazi au maji? Akanyamaza kidogo. "Inategemea saa ngapi," akasema.