OBS na YouTube Live kwa kustrimu kodingi ukiwa Tanga, nimezitumia na haya ndo maoni yangu

Haya jamani, wengi mnaniuliza inbox natumia nini kustrimu kodingi, yaani kuandika programu mubashara watu wakiangalia, na je mtu aliyeko Tanga mwenye bando la kawaida na laptopu ya mtumba anaweza kweli. Anaweza. Mie natumia OBS Studio, programu ya kunasa skrini na kuirusha, kwenye laptopu halafu narusha YouTube Live, Twitch, mtandao mwingine wa kustrimu, nayo nimeijaribu vya kutosha kuisemea, na zote nazipima kwa mtu mmoja tu: kijana wa Muheza anayenitazama kwenye simu, skrini ndogo, bando la kubana, je anasoma nilichoandika? Kama hasomi hapo hakuna strimu, hata uso wangu uonekane umeng'aa vipi, maana watu hawaji kuniangalia mie, wanakuja kusoma herufi na kusikia mtu anawaza nini kabla hajaandika.

Tuanze na OBS. Ni bure, na nikisema bure namaanisha bure ya kweli, haikuwekei nembo yake kwenye video, haikupi siku za majaribio halafu ikakufungia, haikuulizi kadi ya benki. Aliianzisha Hugh Bailey, wengi wanamwita Jim, ikatoka 2012, na msimbo wake uko wazi mtu yeyote anausoma. Inakubali Windows, Mac na Linux. Sasa wenye laptopu za zamani hapa msikilize, toleo la 28 la mwaka 2022 liliachana na Windows 7 na 8 pamoja na mashine za biti 32, kwahiyo kama mashine yako ndo hiyo usipoteze bando kudaunlodi la mwisho, tafuta la 27 na litakufanyia kazi.

Ukiifungua mara ya kwanza inatisha kidogo, skrini nyeusi tupu na visanduku chini. Lakini mambo ni mawili tu, kuna sini na kuna vyanzo. Sini ni ile picha nzima anayoiona mtazamaji, vyanzo ni vitu unavyovipanga ndani yake, dirisha la VS Code (programu ninayoandikia msimbo), maiki, kamera kama unataka. Mie nina sini tatu, moja ya kodingi, moja ya brauza, moja ya "narudi sasa hivi", na nimeziwekea vitufe vya kibodi kwahiyo sihangaiki na mausi. Kwenye chanzo chagua kunasa dirisha moja, usinase skrini nzima. Hili nalisema kwa msisitizo kabisa, skrini nzima itawaonyesha watu meseji zako za WhatsApp na kila kinachochomoza pembeni, dirisha moja linaonyesha dirisha moja basi. Na VS Code ina terminali, pale pa kuendeshea amri, humohumo ndani, kwahiyo dirisha hilohilo linatosha kazi nzima.

Sasa herufi, na hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo strimu nyingi za kodingi zinapokufa. Strimu hazirushi picha kamili kila mara, zinarusha mabadiliko tu. Ukiwa umetulia kwenye ukurasa mmoja unaandika mstari mmoja mmoja, data inayotakiwa ni ndogo na herufi zinakuwa kali kabisa hata kwa bitireti (kiasi cha data kinachorushwa kila sekunde) ya chini, lakini ukianza kuskroli kwa kasi kutoka juu hadi chini kila kitu kinabadilika kwa wakati mmoja, bitireti haitoshi, picha inapasuka vipande vipande na mtazamaji anaona ukungu. Kwahiyo skroli polepole, au ruka moja kwa moja kwenye funksheni unayoitaka kisha ngoja sekunde mbili kabla hujaanza kueleza.

Kitu kingine ambacho hakisemwi sana ni rangi. Video hizi zinabeba mwanga wa kila pikseli lakini rangi zinabanwa, pikseli nne zinagawana rangi moja. Ndo maana maandishi mekundu au ya bluu nzito kwenye nyeusi yanachafuka kingo, wakati nyeupe na njano nyepesi zinasomeka. Mie nilibadilisha thimu ya editor kwa sababu hiyo tu, sio urembo. Fonti naweka 22, naficha orodha ya mafaili kwa Ctrl na B ili msimbo upate nafasi, na kabla ya kuanza naifungua strimu kwenye simu yangu mwenyewe kwa 360p, ubora wa chini, nikiona inasomeka ndo naanza. Bado kuna siku mtu anaandika "shekhe kuza maandishi, wazee tupo humu", nakuza, sibishani.

Na laptopu nyingi za mtumba skrini zake ni pikseli 1366 kwa 768, wewe unarusha 1280 kwa 720, OBS inalazimika kupunguza picha na kila ikipunguza herufi zinalegea. Weka skrini yenyewe ya laptopu kwenye 1280 kwa 720 kabla hujafungua OBS, herufi zinatoka zilivyo. Ukifanya hili moja tu utaona tofauti kubwa kuliko kununua kamera.

Bando sasa. Narusha kwa 1,500 kbps (kilobiti kwa sekunde), fremu 30 kwa sekunde, na hiyo kwa saa moja inakula MB 675 hivi. Saa mbili ni kama GB 1.35. Ukipanda 2,500 unagonga zaidi ya GB 1.1 kwa saa, na kile kiwango cha 6,000 ambacho watu wa magemu wanakipenda ni GB 2.7 kwa saa, hayo achana nayo, hupati faida yoyote kwenye maandishi yaliyotulia. YouTube itakuletea onyo kwamba bitireti iko chini ya inayopendekezwa, mie naliacha hapohapo, strimu inaendelea vizuri tu. Kwenye setingi za Advanced za OBS kuna sehemu inayoiruhusu ipunguze bitireti yenyewe mtandao ukibanwa, iwashe, ukiwa na laini ya simu hiyo ni lazima maana jioni mtandao unapanda na kushuka kila dakika. Inapunguza ubora kidogo badala ya kuruka fremu, na mtazamaji anakubali ukungu wa sekunde kumi kuliko picha iliyoganda.

Joto nalo ni habari nyingine. Miezi ya kaskazi, Desemba mpaka Machi, chumba changu hapa Ngamiani kinakuwa cha moto hasa, na OBS ikitumia x264, enkoda (kibana video) inayotegemea prosesa, prosesa yote inachemka, laptopu inajipunguza kasi yenyewe na strimu inaanza kukwamakwama. Dawa ni kwenye sehemu ya autputi (Output), chagua enkoda ya Quick Sync kama una prosesa ya Intel yenye hicho kitu, nyingi za miaka ya karibuni zinacho. Kazi inahamia kwenye chipu ya picha na prosesa inabaki na nafasi ya kuendesha programu yako. Feni inavuma nyuma yangu muda wote, lakini ukiweka kwenye maiki ile filta ya kupunguza kelele ya aina ya RNNoise, iliyoingia kwenye OBS mwaka 2020, mlio wa feni unapotea kabisa na sauti yangu inabaki, mashallah hilo limenifurahisha sana maana maiki yangu ni ya bei ndogo. Adhana haiondoi na wala sitaki iondoe, ikianza naweka sini ya "narudi sasa hivi" na nazima maiki, watazamaji wengi nao wanakuwa wanajiandaa kwa swala.

Umeme ukikatika laptopu inabaki na betri, kinachokufa ni rauta. Weka UPS ndogo (betri ya akiba) ya rauta au uwe na hotspoti ya simu tayari. OBS inajaribu kujiunga tena yenyewe bila kuiambia, ila upande wa YouTube nenda kazime ile setingi ya kusimamisha strimu kiotomatiki, isipozimwa ukipotea kidogo tu YouTube inafunga strimu na watu wote wanatawanyika, ukirudi unaanza upya na linki mpya. Na kama unarekodi nakala kwenye laptopu, rekodi kwa aina ya faili ya MKV. Mashine ikizima ghafla ukiwa unarekodi MP4 ya kawaida faili linaweza lisifunguke tena, MKV inabaki na kila kilichorekodiwa mpaka sekunde ya mwisho, na OBS yenyewe inaigeuza kuwa MP4 baadae kwenye menyu ya faili. Ila nyaya za baharini zilivyokatika Mei 2024 na intaneti ya nchi nzima ikalegea hapo hakuna setingi ya kukuokoa.

Sasa YouTube au Twitch? Twitch ilianza 2011, Amazon wakainunua 2014 kwa dola milioni 970, na ina kundi lake kabisa la watengeneza programu na magemu, chati yake ni nyepesi na watu wake wamezoea kukaa masaa na mtu anayeandika msimbo. Kwa hilo naipenda. Ila kwa watazamaji wetu ina kasoro kubwa, kama wewe ni mdogo hawakuhakikishii kwamba strimu yako itagawanywa kwenye viwango vya ubora. Maana yake siku nyingine kijana wangu wa Muheza anakuta kiwango kimoja tu, kilekile nilichorusha, hawezi kushusha mpaka 360p au 144p, bando linaisha au picha inasota. YouTube inagawanya strimu ya kila mtu, uwe na watazamaji 5 au 5,000. Hiyo peke yake ilitosha kunihamisha. Halafu strimu iliyopita, chaneli ya kawaida ya Twitch inaitunza siku 7 inafuta, YouTube inabaki mradi haijazidi masaa 12. Na watazamaji wangu wengi wanaangalia baadae, na bando la usiku, sio mubashara, kwahiyo kinachofutwa kwangu ni hasara kubwa.

Ambapo YouTube inaniudhi ni ucheleweshaji, ule muda wa picha kutoka kwangu mpaka kumfikia mtazamaji. Kuna dada mmoja wa Pangani anafuatilia sana, tulikuwa tunaandika kwa lugha ya Python programu ya kusoma hesabu za kikoba, michango ya wanachama inatoka kwenye faili la CSV (jedwali la maandishi matupu), na Python ikakataa na ujumbe wake ule, could not convert string to float: '12,000'. Yeye aliona hapohapo akaandika "toa koma kwanza kaka, hiyo ni maandishi sio namba". Lakini alichokiona yeye kilikuwa kimeshanipita karibu nusu dakika, na mie nilikuwa nimeshafungua faili jingine natafuta kwingine, jibu lake likaingia wakati nipo mbali. Ukiwa na ucheleweshaji wa kawaida maongezi ya strimu ya kodingi yanakufa, kila jibu linafika swali likiwa limepoa. Nikahamia ucheleweshaji mdogo, ule wa chini ya sekunde 10, na hapo mambo yakawa mengine kabisa, mtu anasema mstari wa 14 na mie bado niko mstari wa 14. Ule mdogo zaidi, chini ya sekunde 5, siushauri kwa sisi, simu ya mtazamaji haipati muda wa kujiwekea akiba, mtandao ukiyumba kidogo tu picha inasimama. Wa kati ndo wetu. Ile `replace(",", "")` ya kutoa koma tuliyoiweka siku ile kwa maneno ya dada yule bado ipo kwenye programu na wanakikoba wanaitumia, na hii ndo sababu nastrimu badala ya kurekodi video peke yangu nikahariri, kwenye strimu watu wanaandika na wewe.

Usalama nao usiuchukulie poa. YouTube inawaruhusu watazamaji kurudisha nyuma strimu ikiwa bado inaendelea, kwahiyo faili la .env likifunguka sekunde moja tu lenye paswedi ya databesi au ufunguo wa API (unaoiruhusu programu yako kutumia huduma nyingine), kulifunga haraka hakusaidii, mtu anarudisha nyuma anasimamisha anasoma. Ufunguo ukionekana ubatilishe palepale na utoe mwingine, usisubiri strimu iishe. Na ufunguo wa strimu wenyewe ni hivyohivyo, mwenye nao anaweza kurusha anachotaka kwenye chaneli yako. Mie niliunganisha akaunti moja kwa moja ndani ya OBS, hakuna haja ya kukopi ufunguo popote.

OBS naipa 9 kwa 10, hiyo moja imekosa kwa sababu anayeanza hapewi mwongozo wa kutosha na setingi zimetawanyika. YouTube Live 8. Twitch kwa mtazamaji wa huku kwetu 5, ila kama unalenga watu wa nje wenye faiba nyumbani ifikirie upya.

Na kama unataka kuanza wikiendi hii nenda kathibitishe namba ya simu ya chaneli yako ya YouTube leo, usingoje Jumamosi, maana kufunguliwa strimu mara ya kwanza kunaweza kuchukua mpaka masaa 24. Ukitaka kurusha kwa simu wanadai uwe na wafuasi 50 kwanza, kwa laptopu hawadai hata mmoja.