Elite Dangerous au No Man's Sky kwa mchezaji wa Mwanza

Michezo yote miwili ya anga za juu imetengenezwa Uingereza, Elite Dangerous ukitoka Desemba 2014 na No Man's Sky Agosti 2016, lakini mchezaji wa Kirumba au Igoma anayejinunulia kifurushi cha intaneti ataiona tofauti mapema. Elite hauchezeki bila mtandao, hata kwa anayesafiri peke yake. No Man's Sky huchezeka bila mtandao, ingawa masasisho yake ya bure ni mazito na ni heri kuyapakua usiku.

Katika mapigano, Elite unaushinda mwenzake kwa mbali. Rubani hugawa nishati kati ya ngao, injini na silaha, na akizima msaada wa urukaji, chombo huendelea kuteleza kule kilikokuwa kikielekea huku yeye akikigeuza pua kumlenga adui anayemfukuza kwa nyuma. Ujuzi huo hauji kwa siku moja, na kwa maoni yangu ndio utamu wenyewe. Mapigano ya No Man's Sky ni mepesi mno.

Kwa anayependa kutembea na kugundua, hata hivyo, ningeuchagua No Man's Sky, kwani mchezaji hutua kwenye sayari zenye mimea na wanyama, hujenga makazi, na tangu 2024 huvua samaki, jambo ambalo watu wa ziwani hawatalidharau. Mwenye PlayStation asijisumbue kulinganisha: huko Elite uliacha kuendelezwa mwaka 2022.